Luva za msaji: shajara ya karakana yetu Tanga, Agosti mpaka Januari

Agosti 9

Simu imelia asubuhi chai haijapoa, kuangalia ni yule mama mwenye gesti Dodoma. Salamu ndefu kama kawaida yake, watoto hawajambo, biashara haijambo, alaf akanyamaza kidogo akasema, "Dada, yale madirisha yako yameachana katikati, mgeni kaniambia akiwa kitandani anaona watu wanapita barabarani." Nikahisi tumbo linashuka. Yale madirisha tulimpelekea mwezi wa nne, madirisha 8, kila moja milango miwili, msaji (tiki) mtupu, luva za kudumu, yaani vibao vya mshazari visivyofungika, na siku tunayafunga fundi mkubwa alijaribu kupitisha karatasi kwenye muungano wa milango miwili haikupita. Mi mwenyewe nilipiga picha nikawaonyesha watu.

Sasa hapa karakana Ngamiani nina kazi nyingine mbili zinasubiri, nyumba ya familia kule Sahare upande wa bahari, madirisha 11, na kiwanda kidogo cha mikate kinataka luva 6 za juu ukutani za kutolea joto. Nikianza kuchana mbao za hizo kazi mbili bila kujua Dodoma kumetokea nini ntakuwa narudia kosa mara tatu. Kwahiyo nimesimamisha kila kitu, na nimeamua kuanzia leo naandika kila hatua, vipimo, makosa, tarehe, maana tukisema tutakumbuka huwa hatukumbuki.

Agosti 14

Nimefika Dodoma jana usiku, Segera, Chalinze, Morogoro, mgongo wote unauma. Asubuhi nimeenda gesti na kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, mfukoni.

Mama alikuwa na haki. Nimepima dirisha moja moja, pengo la katikati ni milimita 7 mpaka 8, kidole changu kidogo kinaingia mpaka kwenye pingili ya kwanza. Ukishika mlango ukautikisa vibao vinacheza ndani ya mifereji yake vinatoa sauti kama kete kwenye kopo, kak kak kak. Na pale mbao ya kulala ya chini inapokutana na mbao ya kusimama kuna mstari mweusi umefunguka, ulimi, ile ncha inayoingia kwenye tundu la mwenzake, unaonekana kwa ndani. Hakuna kilichovunjika wala kilichooza, mbao ni ileile nzuri, imenywea tu.

Mama kanipa chai na chapati alaf akaniuliza bila ukali wowote, "Sasa mwanangu, hii mbao ilikuwa mbichi?" Ningependa kusema hapana. Ukweli ni kwamba ilikaa kwenye banda letu wiki tano tu wakati wa masika, na sisi tulikuwa tunapima ukavu kwa kugonga na kusikiliza mlio. Nimemwambia vilevile ilivyo. Nimemwambia pia ntayatengeneza upya yote 8 kwa gharama yangu, anipe mpaka Desemba. Kakubali, ila kaongeza malalamiko ambayo mi sikuwaza kabisa, kwamba mwezi wa saba na wa nane upepo wa huku unabeba vumbi jekundu na luva za kudumu hazifungiki, kila asubuhi dada wa usafi anapangusa mashuka. Kwetu pwani luva ya kudumu ni raha, hewa saa 24. Huku mtu anahitaji kuifunga.

Agosti 17

Nimekaa na fundi mkubwa tukapiga hesabu kwenye kipande cha plaiwudi, naiweka hapa kamili kwa sababu ndo moyo wa jambo lote.

Mbao haipungui urefu, au inapungua kidogo mno hata huoni. Inapungua upana na unene. Msaji ni mpole kuliko mbao nyingi, lakini kwa ubao uliopasuliwa kawaida kila asilimia 1 ya maji inayotoka chini ya asilimia 28 au hivi, unapoteza karibu asilimia 0.2 ya upana. Dirisha lenye milango miwili lina mbao nne za kusimama, zetu zilikuwa na upana wa milimita 80 kila moja, jumla 320. Kama ziliondoka hapa na maji asilimia 22 au 23 zikaenda kukaa kwenye hewa ya Dodoma kiangazi ambako mbao inatulia kwenye 9 au 10, zimepoteza asilimia 13 ya maji, zidisha 0.2 unapata 2.6, na asilimia 2.6 ya milimita 320 ni 8 na ushee. Pengo nililopima kwa kalipa ni hilohilo. Fundi mkubwa kaangalia ile namba muda mrefu, kashika ndevu, kasema, "Kumbe tulimpelekea pengo lake tayari limo ndani ya mbao."

Kitu kinachoniuma ni kwamba hata kama tungeikausha vizuri kabisa kwa hewa ya hapa bado ingepungua. Hewa ya Tanga ina unyevu, mbao ikikaa kivulini hapa mwaka mzima inatulia kwenye 15 au 16, haishuki zaidi, hata uiombe. Kwa dirisha la Sahare hiyo ni sawa kabisa, litaishi humuhumu. Kwa dirisha la Dodoma lazima mbao ishuke mpaka 11 kabla ya kugusa randa, yaani inabidi nitengeneze hewa ya Dodoma ndani ya Ngamiani.

Agosti 24

Mashine ya kupimia maji ya mbao sina, na sitaki kusubiri mpaka niwe nayo. Kuna njia ya kizamani ya mizani na oveni: unakata kipande katikati ya ubao, sio mwishoni maana mwishoni hukauka haraka kinakudanganya, unakipima uzito, unakikausha kwenye joto la nyuzi 100 na kidogo mpaka uzito ugome kushuka, unapima tena. Tofauti ya uzito ugawe kwa uzito mkavu, hiyo ndo asilimia ya maji.

Oveni nimeipata kwa mteja wangu wa mikate. Wakishamaliza kuoka ya alfajiri tanuri linabaki na joto mpaka mchana, yule kaka kaniruhusu niweke vipande vyangu kwenye trei ya pembeni. Kipande cha kwanza kilikuwa gramu 118, kikatoka 96. Tofauti 22, gawa kwa 96, asilimia 23 kasoro kidogo. Na huu ni ubao ambao dogo wetu aliugonga mbele yangu akasema mkavu huu, sikia unavyolia. Kipande kingine kutoka kwenye mbao zilizokaa juu ya kenchi tangu mwaka jana, gramu 109, kikatoka 94, asilimia 16. Hesabu za plaiwudi na mizani ya jikoni zimekubaliana.

Nimenunua daftari la mizani. Kila rundo litakuwa na kipande chake cha shahidi kwenye daftari, bila hivyo hakuna kuchana.

Septemba 3

Mzigo umefika kutoka Muheza, msaji wa shamba la Longuza, nimeununua kwa mpasuaji tunayemjua, na karatasi zake zote za maliasili zipo maana bila hizo hupiti getini. Mbao 1x6 na 2x4, futi 12. Tumechagua mmoja mmoja tukitenga zile zenye rangi ya maziwa pembeni. Msaji sifa zake zote ziko kwenye kiini, ile kahawia. Kile cheupe cha nje wadudu wanakipenda kama mbao nyingine yoyote, na miti ya shamba inayovunwa mapema ina cheupe kingi. Karibu robo ya mzigo imekwenda kwenye rundo la vijiti na stuli.

Kuna kingine nimeanza kukizingatia, namna ubao ulivyopasuliwa. Ukiangalia kichwa cha ubao, mistari ya umri ikiwa imesimama wima, huo unapungua kama nusu tu ya ule ambao mistari yake imelala. Hiyo ya mistari wima tumeiweka pembeni kwa mbao za kusimama za Dodoma. Haitoshi yote, lakini inatosha sehemu kubwa.

Septemba 13

Tanuri la jua la kukaushia mbao limesimama! Nyuma ya karakana, futi 10 kwa 6, fremu ya paini, paa na ubavu mmoja nailoni ngumu inayopitisha mwanga, ndani juu ya rundo tumelaza mabati yaliyopakwa rangi nyeusi, na feni mbili zinazosukuma hewa ya moto ishuke kupitia katikati ya mbao. Matundu mawili yenye vifuniko, moja chini moja juu. Dogo aliuliza paa lielekee wapi, nikamwambia hapa kwetu Septemba jua linapita karibu utosini kabisa, mteremko ni wa maji ya mvua tu.

Mbao zimepangwa na vijiti vya inchi moja kati ya kila safu, na vijiti vimesimama mstari mmoja kutoka chini mpaka juu. Hili fundi mkubwa hana mchezo nalo. Kijiti kikikaa upande, ubao unapinda palepale. Amebomoa rundo la dogo mara mbili leo, mara zote bila kusema neno, anabomoa tu anaanza kulipanga upya, na dogo akajua.

Saa nane mchana kipimajoto kimeonyesha 51. Usiku tunafunga matundu, joto linashuka na unyevu unarudi kidogo, na hiyo inasaidia maana mbao ikikaushwa kwa pupa bila kupumzika inapasuka vichwani. Vichwa vyote tumepaka rangi nzito ya mafuta.

Septemba 21

Umeme ulikatika siku mbili, feni zimelala. Tumefungua matundu yote mchana. Shahidi kashuka kutoka 21 mpaka 18 tu.

Septemba 28

Wakati mbao za Dodoma ziko kwenye tanuri, tumeanza za mikate na Sahare kwa zile mbao za kenchi zilizopimwa 16. Wiki hii yote ni jigi.

Kwa asiyejua, luva ya kudumu ni vibao vinavyolala mshazari ndani ya mifereji iliyochimbwa kwenye mbao mbili za kusimama. Kila mfereji lazima uwe pembe ileile, kina kilekile, na nafasi ileile kutoka kwa mwenzake, ukikosea milimita moja moja kwenye vibao 28 mwisho wa mlango umekosea karibu inchi. Kwahiyo huchori kila kimoja. Unatengeneza jigi, kipande cha plaiwudi chenye tundu lililokatwa nyuzi 45 ambamo ruta, mashine ya kuchimbia mifereji, inapita, na pini ya kuingia kwenye mfereji uliopita ili unaofuata ujipime wenyewe.

Mlango wetu wa kawaida una urefu wa milimita 1200. Toa mbao ya kulala ya juu 80, ya chini 120, inabaki 1000 wazi. Kibao kina upana 60 na unene 10. Nafasi tumechagua 36 kwa hesabu, gawa 1000 kwa 36 haitoki sawa, kwahiyo vibao 28 na nafasi inarudi 35.7. Ni afadhali ubadili nafasi kidogo kuliko kubaki na uwazi wa ajabu juu ya kibao cha mwisho.

Sasa kosa la leo. Nilichimba mbao kumi za kusimama mfululizo, ruta inaimba, vumbi la msaji linawasha shingo, nimefurahi kabisa, alaf fundi mkubwa akazichukua mbili akazisimamisha zikiangaliana. Vibao vingeingia huku vinashuka na kule vinapanda. Mbao ya kulia na ya kushoto ni kama viatu, hazifanani, ni lazima jigi igeuzwe. Nilikuwa nimechimba za kulia kumi, za kushoto hakuna. Tumeokoa kwa kuchimba tano nyingine za kushoto, na tano za kulia zitasubiri kazi ijayo, lakini ni mbao safi iliyoliwa na haraka yangu. Sasa jigi ina upande mwekundu na upande wa kijani, na mbao zinachorwa rangi kabla hazijagusa ruta.

Oktoba 5

Leo jaribio la maji. Tumesimamisha mlango mmoja kwenye fremu uani, nyuma tumetandika gazeti, mbele dogo na mpira wa maji na ile feni kubwa ya kupulizia.

Kwa mvua inayonyesha wima, gazeti kavu. Tukaweka feni kasi ya mwisho na maji yakawa yanakuja ya kulala kama mvua ya upepo wa baharini. Matone yakapiga uso wa kibao yakaruka kwenda ndani, sio mengi, lakini gazeti lilikuwa na madoa mpaka juu. Nikapiga magoti nikaangalia kibao kwa karibu. Maji yalikuwa yanashuka mpaka ukingo wa mbele, badala ya kudondoka yanajikunja chini ya kibao yananata, yanatambaa kwa nyuma, alaf upepo unayabeba. Tone linaning'inia pale ukingoni linatetemeka, linasita, linarudi ndani. Nimelitazama hivo labda dakika kumi.

Dawa yake imekuwa mfuo mdogo wa milimita 3 chini ya kibao, karibu na ukingo wa mbele, wa kukata njia ya maji. Tone likifika kwenye mfuo haliwezi kuvuka, linaanguka. Tumechimba kwenye vibao 28 vyote tukarudia. Gazeti limepata madoa machache sehemu ya chini, basi. Fundi mkubwa kasema babaake alikuwa anauita njia ya jasho na yeye alikuwa ameusahau.

Hesabu ya hewa nayo nimeifanya maana yule kaka wa mikate ameniuliza kwa nini asiweke aluminiamu za kusogeza kama jirani. Ile ya kusogeza inafunguka nusu, siku zote nusu, kioo kimoja kinakaa nyuma ya mwenzake. Luva yetu ya kudumu uwazi halisi kati ya kibao na kibao, ukipima kwa njia ambayo hewa inapita, ni milimita 15 na nusu katika kila 36, kama asilimia 43. Kwa namba tupu kioo cha kusogeza kinashinda kidogo na sitaki kumdanganya mtu. Ila kile kioo mvua ikija unakifunga, ukitoka unakifunga, usiku unakifunga, na nyumba inabaki oveni. Luva inaacha hiyo 43 yake usiku na mchana, mvua na jua, uwepo usiwepo. Na siku ukitaka yote unafungua mlango wenyewe kwenye bawaba.

Oktoba 12

Jumapili, nimetembea mjini kuangalia zile nyumba za ghorofa za zamani. Wengi tunapita chini yake kila siku bila kuinua kichwa. Kuna madirisha ya luva pale yamekaa kwenye chumvi ya bahari miaka mingi kuliko umri wangu na vibao viko sawa. Kilichokufa ni chuma. Kila penye msumari wa chuma kuna machozi meusi yanashuka kwenye mbao na shimo limekuwa kubwa, mbao yenyewe imara imeachia kwa sababu ya msumari. Penye shaba hakuna doa.

Kwahiyo Sahare yote inakwenda na skrubu za shaba na bawaba za stenlesi. Zimekuwa ghali kuliko nilivyopanga na mwenye nyumba nimemweleza, nimempeleka mpaka pale chini ya dirisha nikamwonyesha. Kasema weka.

Oktoba 19

Gundi. Msaji una mafuta yake ya asili, ndo maana hauozi, na mafuta hayohayo yanakataa gundi. Viungo viwili vilifunguka mkononi leo baada ya saa 24 kwenye klampu. Sasa tunapangusa ulimi na tundu kwa tina, ile ya kuchanganyia rangi, tunasubiri ikauke, tunapaka gundi isiyoogopa maji ndani ya robo saa kabla mafuta hayajapanda tena. Kila ulimi unapigiliwa na kijiti cha mbao. Vibao vya luva havigusi gundi kabisa, vinakaa huru kwenye mifereji na nafasi ya milimita moja, kwa sababu masika vitavimba na kiangazi vitanywea, ukivibana vitapasua mbao ya kusimama.

Novemba 2

Tumefunga za mikate. Luva 6, kila moja futi 4 kwa 1 na nusu, chini kidogo ya paa, tatu upande wa upepo unakoingia na tatu upande wa pili. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa zote juu. Fundi mkubwa kaniuliza, "Mwanangu, hewa ya moto ikitoka juu, itakayoingia inapitia wapi?" Mlango wao unafungwa usiku kwa usalama, madirisha pia. Kwahiyo tumeongeza mbili ndogo chini, karibu na sakafu, zenye nondo kwa nyuma na wavu mgumu wa panya, bila kumdai.

Alfajiri nimekwenda wanaoka. Nimewasha kipande cha udi nikakiweka kwenye luva ya chini. Moshi umeingia ndani umenyooka, ukapita chini ya meza ya kukandia, ukapanda kwenye tanuri, ukatokea juu. Vijana wa pale wamezoea kufanya kazi vifua wazi. Mmoja kaniambia leo ndo mara ya kwanza unga haujamnata mgongoni.

Novemba 9

Shahidi wa tanuri: asilimia 11. Nimekausha vipande vitatu tofauti kuhakikisha, 11, 11 na nusu, 10 na nusu. Mbao za Dodoma zimetolewa moja kwa moja zikafungwa nailoni, kwa sababu zikikaa uani wiki mbili zinaanza kunywa unyevu wa hapa kurudi juu. Tunatoa za siku hiyo tu, zikishapigwa randa na kuungwa zinarudi kwenye nailoni.

Muundo wa Dodoma umebadilika. Mbao za kusimama zimepungua kutoka 80 mpaka 65. Muungano wa katikati una mdomo wa milimita 12, mlango mmoja unaulalia mwenzake, hata pengo likija jicho halipiti. Na vibao vinageuka. Kila kibao kina pini ya shaba kila upande, na mbele fimbo moja inavishika vyote, unaishusha vinajifunga kwa ajili ya vumbi, unaipandisha vinalala sawa na hewa inapita zaidi ya ile ya kudumu, milimita 26 kati ya 36. Kazi yake ni mara mbili ya luva ya kudumu. Dogo ametoboa matundu ya pini siku nne, na kusema kweli mikono yake imekuwa mizuri kuliko yangu kwenye hilo, nimemwambia mbele ya wote.

Novemba 23

Sahare tumemaliza 9 kati ya 11 na vuli imetukuta juu ya ngazi. Mvua imekuja saa kumi jioni kutoka baharini ya kulala, ileile tuliyoigiza na feni. Wote tumeingia sebuleni. Mama mwenye nyumba alikimbilia madirisha kama alivyozoea, akashika ule mlango wa luva, akaona umeshafungwa na upepo bado unampiga usoni. Akaweka kiganja kwenye ukuta chini ya dirisha, akakitazama, mkavu. Akaita watoto waje waguse. Watoto watatu wamejipanga wanapapasa ukuta, nje maji yanamwagika, pazia linacheza.

Dirisha la jikoni limepitisha maji kidogo kona ya chini, na hilo ni fremu kutokaa sawa ukutani, sio vibao. Kesho linafunguliwa linapigwa pimamaji upya.

Wavu wa mbu tumeuweka kwenye fremu yake nyepesi inayofungukia ndani. Kwanza ili mkono ufike kwenye komeo la luva, pili ili uoshwe. Wavu unaziba hewa zaidi ya watu wanavyodhani, na ukijaa vumbi ndo umeziba kabisa. Nimemwomba mama auoshe kila mwezi kwa brashi laini, akaniitikia kwa adabu tu, basi nikaosha mmoja mbele yake, tukausimamisha karibu na ule ambao haujaoshwa, akahisi tofauti mwenyewe.

Desemba 14

Dodoma. Madirisha 8 mapya yamefungwa kwa siku mbili. Yale ya zamani mama kasema nisiyatupe, anajenga banda la kuku na stoo ya mahindi nyuma, luva za kudumu ndo zinafaa kule. Mlango kwa mlango nimepima muungano: mdomo unakaa kwenye mwenzake, nafasi milimita 2 tuliyoiacha makusudi. Nimeandika namba kwa penseli ndani ya kila fremu, tarehe na kipimo, ili nikirudi nisibishane na kumbukumbu.

Mama alishusha fimbo, akaipandisha, akaishusha, kama mara ishirini. Hakusema kitu. Alaf akaenda jikoni kutuwekea chakula.

Januari 18

Mama kapiga simu, safari hii mi ndo nilikuwa na wasiwasi kuliko yeye. Nilimtumia kalipa ya plastiki kwenye basi na picha ya namna ya kuisoma. Madirisha 8, nafasi ni kati ya milimita 1 na nusu na 2. Mvua za kwao zimeanza kwahiyo mbao imevimba kidogo badala ya kunywea, na hesabu ya plaiwudi inasema kwa asilimia 2 za maji kwenye milimita 260 za sasa mchezo ni kama milimita 1. Kiangazi tutapima tena, Agosti hiyohiyo.

Tanuri limejaa mzigo mwingine toka juzi, mbao za shule moja huku Muheza, hizo zinaishia 15 tu. Shahidi wa leo gramu 121, kipande kimeshaenda kwa mikate.